Miti ya Njombe Ina Wenyewe, ya Makambako Je?

Kama wewe ni mtoto wa Dar na unashuka basi Makambako mwezi wa saba na kifulana chako cha mikono mifupi, pole sana. Pale njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kuna upepo usiojua mgeni. Vumbi linakuingia mpaka kwenye chapati. Unatafuta mti wa kujikinga, huuoni.

Basi panda Hiace twende Njombe. Ni kilomita 60 hivi, lami tupu, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Kulia misindano, kushoto milingoti, mbele miwati. Hiyo miwati kwao ni Australia. Kampuni ya TANWAT ilianza kuipanda huku mwaka 1949, kwa ajili ya magome yake yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Siku hizi hata fundi baiskeli ana kashamba kake ka miti.

Njombe mjini ni kama mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake si mchezo. "Kamwene!" Babu mmoja ananisalimia, panga mkononi, anapogoa misindano yake nyuma ya nyumba. Shikamoo babu, mbona unaikata mikono? Akacheka. Tawi likiachwa, mbao inatoka na vifundo, mnunuzi anashusha bei. Tena matawi ya chini yakikauka, moto wa kiangazi unapata ngazi ya kupandia. Pembeni amefyeka njia pana, nyasi hata moja hakuna, ili moto wa jirani uishie hapo. Bondeni kwenye maji hajapanda mlingoti hata mmoja, maana ule unakunywa kuliko wateja wa ulanzi. Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inataka mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ziachwe.

"Hii ni ada ya wajukuu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Haya, turudi Makambako. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili mosi (jamani, siyo utani wa sikukuu ya wajinga). Watu wanachimba, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini huku msimu wa mvua ni mmoja, unaanza Novemba, na Mei ndiyo basi tena. Mche wa Aprili unapata wiki chache tu, halafu kiangazi cha miezi sita, upepo, na mbuzi. Wenye mashamba Njombe hawangoji Aprili, wanapanda Desemba na Januari.

Nami nilikuwa mjinga vilevile. Mwaka juzi, mwezi huohuo wa nne, mimi na washikaji tulipanda mijakaranda miwili kando ya barabara. Mmoja ulikufa Agosti. Wa pili uko mbele ya banda la mama ntilie, sasa umenipita kimo. Ameuzungushia miiba, ameufunga kwenye mti mkavu kwa kipande cha kanga, na kila jioni anaumwagia maji aliyooshea mboga. Hakuna aliyemwomba.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeupanda?" akaniuliza akinimiminia chai. "Wanasema watatuhamisha hapa barabarani. Sasa huu nimwachie nani?"

Nikakosa jibu. Nikaagiza chapati ya pili.