Pua Si Mizani



Leo nataka kuwaeleza kosa langu, maana huenda likamwokoa mtoto wa mtu.

Mwaka juzi, tulipokuwa tukijitayarisha kwa sikukuu ya somo wa parokia yetu, fundi alikuja kupaka vanishi mabenchi ya kanisa. Mimi, karani wa parokia, niliamuru milango na madirisha yafungwe, vumbi lisije likaharibu kazi. Fundi alikuwa akiichanganya vanishi na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Asubuhi harufu ilitukaba. Kufika saa sita hatukuisikia tena, nikasema moyoni, "Imekwisha." Kumbe haikwisha, pua zetu ndizo zilizochoka.

Saa nane kijana wa fundi alianza kucheka ovyo, kisha akalalamika kichwa, mwisho akaanguka kati ya mabenchi. Tulipokuwa tukimbeba kumtoa nje, tukakutana mlangoni na mtumishi wa altare, anakuja na chetezo chenye makaa ya moto ili afanye mazoezi. Fundi akapiga kelele, "Rudi, mwanangu! Usiingie na moto!" Mtoto akarudi mbio. Kijana akazinduka chini ya mwembe, nasi tukamshukuru Mungu.

Jioni nikamwuliza fundi, "Mzee, mbona hukunikataza kufunga madirisha?" Akajibu, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyeamuru. Nami nimezoea."

Neno hilo, "nimezoea," lilininyima usingizi, nikaanza kutafuta na kusoma.

Tina mara nyingi huwa na maji yaitwayo toluini. Hata penye baridi ya milimani hutoa mvuke uwezao kushika moto. Mvuke huo ni mzito mara tatu kuliko hewa, basi hutambaa sakafuni mpaka uukute moto ulio mbali. Lakini jambo nisilolijua ni hili: mipaka ni miwili, mmoja wa moto na mmoja wa pumzi. Mvuke huu huweza kuwaka ufikapo yapata sehemu 11,000 katika milioni moja ya hewa. Bali kwa pumzi, wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani waitwao ACGIH hushauri zisizidi 20, kwa wastani wa kazi ya saa 8. Fikirini magunia matatu ya mahindi: punje zake ni kama milioni moja. Basi toeni humo punje 20 tu! Kwa hiyo hewa isiyoweza kuwaka bado yaweza kumwangusha mtu.

Je, nani awezaye kuhesabu punje hizo kwa pua? Viwandani hupimwa kwa chombo. Mfanyakazi hubandikwa karibu na ukosi wa shati kijibomba cha kioo chenye chembe za makaa, na pampu ndogo kiunoni huvuta hewa humo muda wote wa kazi. Kisha makaa hayo hupelekwa maabara, ijulikane amevuta kiasi gani. Ninyi wenye watoto walioajiriwa viwandani, waambieni waulize: hewa yetu imepimwa lini? Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003; kuuliza si ujeuri.

Sisi wa vijijini hatuna pampu hizo, ila tuna upepo. Pakeni rangi nje kivulini. Ikiwa lazima ndani, fungueni milango na madirisha yanayoelekeana. Kopo lifunikwe. Sigara, jiko na kibatari viwe mbali. Watoto na mama wajawazito vilevile. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Mtu akisikia kizunguzungu, atoke mara moja, asingoje kumaliza benchi.

Mabenchi yetu sasa yanang'aa. Kila nipigapo magoti hapo namkumbuka yule kijana. Vumbi ningalilifuta kwa kitambaa. Uhai wa mwana wa mtu ningaliurudisha kwa nini?