Waliotuambia Fulani Anajua

Mtaani kwetu Temeke, katikati ya miaka ya 2000, hakuna aliyesema kwamba fulani anafanya mazoezi ya gemu. Tulisema anajua. Kujua kulikuwa kwa kuzaliwa, na ubishi wa nani anajua zaidi ulimalizwa bandani: TV tatu za chogo, benchi moja refu, feni iliyozunguka kwa hiari yake, na mwenye banda mlangoni akikusanya sarafu. Anayepigwa ananyanyuka, mshindi anabaki, anayeingia ndiye analipa.

Kwenye Winning Eleven, gemu la mpira, ubishi haukuisha vizuri, maana aliyewahi kuchagua Inter alikuwa amempata Adriano, na nguvu ya shuti la Adriano ilikuwa 99. Ukifungwa, unasema umefungwa na Adriano. Tekken, gemu la kupigana, haikuwa na kichaka cha kujifichia. Labda umtoe Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoera, ambaye hata mtoto anayebonyeza ovyo angeweza kumwangusha naye mtu mzima mbele za watu. Ukimweka kando huyo, unabaki wewe na mwenzako, na kioo kinachosema ukweli.

Bingwa wetu alikuwa mpwa wa mwenye banda. Kijana mwembamba, mpole, darasani wa kawaida tu. Alicheza na Hwoarang, lakini kilichotuacha hoi hayakuwa mateke yake, bali jinsi alivyokuwa hakamatiki. Yupo mcheza mieleka anaitwa King, mwenye kinyago cha mnyama, ambaye mitupo yake ilitumaliza sote. Kijana yule akikamatwa alijinasua, akikamatwa tena alijinasua tena, huku uso wake umetulia. Tulikubaliana kwamba ana macho ya namna yake, na tukaridhika na jibu hilo kwa muda mrefu.

Kisha asubuhi moja nilitumwa vitumbua, nikapita karibu na banda na kukuta mlango umeegeshwa. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikuwa amemaliza kufagia, ufagio umeegemea ukuta, naye amekaa peke yake akicheza na King asiyekuwa na mwenyewe, kwenye ile sehemu ya mazoezi ambayo wateja hatukuwahi kuifungua. Aliponiona hakuficha kitu.

"Tazama mikono, mwanangu. Wa kushoto ukitangulia, bonyeza mraba. Wa kulia, pembetatu. Ikija yote miwili, bonyeza vyote pamoja."

Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi kabla banda halijafunguliwa, bure. Sisi tuliolipa kwa pambano tungekuwa wendawazimu kutumbukiza sarafu ili tumtazame King akitukamata bila ushindani, na wenye foleni nyuma yetu wasingekubali. Kile tulichokiita macho ya kuzaliwa nayo kilikuwa saa za asubuhi ambazo hazikuwa na bei kwake.

Tangu hapo nikahamia upande wa mazoezi, na nilihamia kwa nguvu zote. Nilipoanza kupata hela yangu nilinunua PlayStation 2 iliyotumika, Kariakoo, nikafunga mlango. Huko ndani niligundua jambo ambalo bandani halikuwahi kutajwa: mchezo ule hukata sekunde moja vipande 60 viitwavyo fremu, na kila pigo lina urefu wake unaohesabika. Ngumi ya haraka kabisa hufika katika fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mtu wa kawaida, tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze, hutumia kama robo ya sekunde, fremu 15. Hata bingwa, basi, haioni ngumi ile na kuikinga. Amekwisha kuamua kabla haijarushwa. Hodari ni yule anayejua kwamba ukikinga teke fulani mwenzako anabaki amechelewa fremu 10 au zaidi, na kwa hiyo ngumi yako ya fremu 10 ni halali yako, hana la kufanya. Kwa mtazamaji huonekana kama wepesi wa mkono. Kwa mchezaji ni hesabu iliyokaririwa mpaka ikaacha kuhisika kama hesabu.

Miaka hiyo pia ndiyo niliyoangalia, kwenye intaneti kafe, video ambayo kila mpenzi wa michezo hii ameiona. Ni EVO, mashindano ya michezo ya kupigana, ya mwaka 2004, huko California. Daigo Umehara wa Japani amebakiwa na uhai mwembamba kabisa, na Justin Wong wa Marekani, anayecheza na Chun-Li, anamwachia mfululizo wa mateke 15. Katika Street Fighter III ukikinga pigo la aina hiyo kwa njia ya kawaida bado hupungukiwa uhai kidogo, na Daigo hakuwa na cha kupunguza. Njia pekee ilikuwa kulipokea kila teke kwa kusukuma mbele kwa wakati wake hasa, moja baada ya jingine. Akayapokea yote, akamaliza pambano. Kafe nzima ilipiga kelele kwamba yule si binadamu. Mimi nilikuwa namtazama mtu aliyewahi kukaa peke yake na Chun-Li asiyekuwa na mwenyewe. Daigo huyohuyo baadaye aliacha mashindano, akafanya kazi ya kuhudumia wazee, kisha akarudi Street Fighter IV ilipotoka na kushinda tena. Kwangu hilo lilikuwa ushahidi mwingine.

Wakati huo duniani kote watu walikuwa wanaimba saa 10,000 za mazoezi. Malcolm Gladwell aliisambaza namba hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2008, akiichota kwa Anders Ericsson na wenzake waliowachunguza wapiga fidla wa Berlin na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Ericsson mwenyewe hakufurahia alivyosomwa: saa 10,000 zilikuwa wastani wa kundi la walio bora walipofika umri wa miaka 20, si mlango ambao ukiupita unakuwa bingwa. Lakini mtu anayetaka kuamini hasomi maelezo ya chini ya ukurasa.

Imani yangu ilitikiswa na mtoto wa shangazi yangu aliyekuja kukaa kwetu kwa ajili ya chuo. Kabla ya hapo hakuwa amegusa Tekken. Alinikuta nimeketi na daftari langu la fremu, akacheka, akaomba pedi ya pili. Nilimpiga wiki za mwanzo kama ngoma. Tatizo ni kwamba kila alipopigwa aliuliza swali lilelile, "Kaka, hapo ulijuaje kwamba nitapiga chini?" na jibu nililompa jana halikuhitaji kurudiwa leo. Niliyoyakusanya kwa mwaka mzima yeye aliyabeba kwa msimu. Halafu akaanza kuniambia vitu kuhusu uchezaji wangu ambavyo sikuwa navyo daftarini: kwamba nikipigwa mara mbili mfululizo lazima nirudi nyuma, kwamba nikiwa ukutani siwezi kuvumilia na lazima nibonyeze.

Wataalamu nao walikuwa wamefika hapo. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kupima ni kiasi gani cha tofauti baina ya watu kinaelezwa na mazoezi ya makusudi. Kwenye michezo kama chesi walipata asilimia 26, muziki 21, riadha na mipira 18. Si kidogo, lakini robo si nzima. Mfano unaonipendeza zaidi ni wa wachezaji chesi wa Argentina waliochunguzwa na Gobet na Campitelli mwaka 2007: mmoja alifikia kiwango cha ustadi kwa saa kama 3,000, mwingine alihitaji zaidi ya 23,000. Wote wawili walifanya mazoezi. Kumwambia yule wa pili kwamba hana tofauti na yule wa kwanza ni kumdharau, maana ni sawa na kumwambia alizembea.

Ungeniuliza wakati ule ningekujibu kwa unyonge kwamba kipaji kipo, ni kasi ya kujifunza, na mtoto wa shangazi anayo. Ningeishia hapo, kama isingekuwa Lahore.

Februari 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Ash, ambaye wengi nje ya nchi yake hawakumjua, alifika EVO Japan mjini Fukuoka baada ya safari iliyovurugwa na viza na ndege za kuunganisha, akashinda Tekken 7. Watu wakasema kile tulichokuwa tunasema Temeke: huyu amezaliwa nacho. Yeye akasema kwao wapo wengine wakali. Ilionekana unyenyekevu wa bingwa mgeni. Agosti mwaka huohuo alishinda EVO ya Las Vegas, fainalini akimpiga Mkorea anayejulikana kwa jina la Knee, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa katika historia ya Tekken. Knee hakuridhika na hadithi ya muujiza. Alipanda ndege kwenda Pakistan kucheza nao, na huko alipigwa na vijana ambao wengi nje ya nchi yao hawakuwajua. Baadaye Atif Butt, Mpakistani mwingine, alitwaa ubingwa wa dunia wa Tekken World Tour wa msimu wa 2022.

Vijana wale wametoka kwenye mabanda yenye mashine za sarafu, wengi wakiwa wamelelewa na The King of Fighters kabla ya Tekken, wakikaa bega kwa bega na wapinzani wasiowaonea huruma. Sasa kipaji ni cha nani hapo? Mji mmoja hauwezi kuwa umebahatika watoto wenye vidole tofauti. Wala si mazoezi ya kujifungia ndani kama yangu, maana mashine haikuambii kwamba ukibanwa unarudi nyuma. Kilichowalea ni wingi wa watu wazuri wanaokutana kila jioni mahali pamoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichotukwamisha sisi. Kanuni ya bandani, anayepigwa ananyanyuka, ilimpa mkali muda mwingi wa kucheza na ikamnyima mwanafunzi muda aliouhitaji. Kufungwa kulikuwa kunalipiwa. Mtandao haujatuokoa sana pia, kwani ukitafuta mpinzani wa Ulaya kutokea Dar, ishara ikienda na kurudi hupita milisekunde 100, na hizo ni fremu sita zilizopotea kwenye mchezo unaoamuliwa kwa fremu moja au mbili. Wanaotoka katika kanda yetu hutoka kwa shida. Ndiyo maana habari ya Sylvia Gathoni wa Nairobi, QueenArrow, kusajiliwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 tuliipokea kama ya ndugu yetu, ingawa hatujawahi kukutana naye.

Siku hizi tunakutana Jumapili sebuleni kwa rafiki yangu anayeishi Tabata. Kanuni tumeipindua: wawili wakikaa hawanyanyuki mpaka mmoja ashinde mara kumi, na aliyepigwa ana haki ya kuuliza lolote na kujibiwa kweli. Yupo dereva wa bodaboda ambaye mwanzoni hakuweza kupata hata ushindi mmoja kati ya kumi. Sasa hukaa naye mtu akijua jasho litamtoka. Yupo pia mwenye saa nyingi kutuzidi sote ambaye amegoma kupanda, kwa sababu haulizi.

Majuzi tulichanga nauli ya basi kwenda kucheza na vijana wa Nairobi, na ikatosha watu wawili. Ubishi ukarudi mzimamzima. Nusu walimtaka mtoto wa shangazi yangu, ambaye sasa ni mwalimu na hushika pedi mara moja moja tu lakini bado anatupiga. Nusu walimtaka yule mwenye saa nyingi, kwa kuwa ndiye aliyejitolea zaidi. Mwenye sebule akauliza nani kati yetu akirudi ataweza kutuonyesha alichokiona huko, pigo kwa pigo. Mtoto wa shangazi akapata nafasi ya kwanza. Ya pili ilikwenda kwa dereva wa bodaboda, na yule mwenye saa nyingi akatununia hadi Jumapili iliyofuata, alipokuja mapema na, kwa mara ya kwanza, akataka kujua kwa nini anapigwa chini.