Nimezurura Bonde la Mosel na Wazee Wawili

Haya ndugu zangu, nimeahidi mara tatu kusimulia safari ile ya Juni 2024, leo naimaliza. Wenye nyumba ninayopanga hapa Bonn, mzee na mkewe, walinichukua siku tano kwenda mashambani, bonde la mto Mosel, kwa gari la kulala. Nawaita Mzee na Mama, nao wameshazoea.

Gari lenyewe ni nyumba juu ya magurudumu. Urefu wake karibu sawa na Coaster za Mbagala, ila badala ya abiria thelathini na kondakta anayening'inia mlangoni, ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, tangi la maji na choo. Wajerumani huliita Wohnmobil. Kikomo cha uzito wake ni tani 3.5, na hapo ndipo penye ugomvi, maana nyuma tulifunga baiskeli tatu za umeme na kila moja ina kilo kama 25. Mama alipima vitu kama mwenye duka. Sufuria la chuma lilirudishwa ndani. Mvinyo haukurudishwa.

Kwa asiyezijua baiskeli hizi: si pikipiki. Usipokanyaga pedali, haiendi. Ukikanyaga, mota ya wati 250 inakusukuma, na ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia uendelee na nguvu zako. Haihitaji leseni wala namba. Betri unaichomoa na kuichaji kama simu. Kuna vijana wanaowacheka wanaozipanda, wanasema ni udanganyifu. Nilikuwa karibu kukubaliana nao mpaka nilipomwona Mama.

Mama ana miaka 71. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa moyo. Walikuwa na gari hili tangu zamani, lakini baada ya upasuaji safari zikawa hivi: wanafika, Mzee anapanda baiskeli yake ya kawaida na kupotea saa nne, Mama anabaki dirishani anafuma. Aliniambia, bila uchungu wowote, kwamba kwa miaka miwili gari lilimfikisha kila mahali na hakuona chochote zaidi ya maegesho. Daktari alikuwa amemwambia atembeze mwili lakini asijichoshe, na kilima hakijui agizo la daktari. Baiskeli ya umeme ilinunuliwa kwa ajili hiyo.

Basi tulifuata Rhine hadi Koblenz, pale Mosel inapoingia, kisha tukaukwea mto hadi Cochem. Kando ya mto njia ni tambarare na mtoto anaipita. Tulienda hadi Ellenz, tukavuka kwa pantoni dogo, mdogo wake yule wa Kigamboni, tukala keki Beilstein. Siku ya tatu tukahamishia gari Ediger-Eller, jirani na Bremm. Hapo kuna mlima wa Calmont, shamba la mizabibu lililo miongoni mwa yenye mteremko mkali kabisa Ulaya. Udongo ni vipande vya mawe meusi vinavyokunywa jua mchana na kuitoa joto usiku, ndiyo maana zabibu zinaiva huku kaskazini. Mkulima hapandi na trekta pale. Amejengewa kireli kimoja chembamba, anakaa juu ya kigari na kuvutwa kama mzigo.

Asubuhi iliyofuata tukashika barabara ya kupanda Eifel. Mzee kwa kiburi chake aliweka msaada wa chini kabisa. Mama akaweka wa juu. Kwenye kona ya pili akampita, akapiga kengele, akatusubiri juu akiwa anazungumza na mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo, kana kwamba wamesoma pamoja. Nilitazama uso wake. Hakuwa akihema.

Hapa niseme langu. Wanakijiji wa huku wananung'unika kwamba watu wa magari ya kulala wanakuja na chakula chao, wanajifungia, wanaondoka na kuacha moshi. Manung'uniko yana haki, na dizeli tuliyochoma si kidogo. Lakini tulilala uani kwa mkulima wa zabibu, tukamlipa nafasi, tukatumbukiza sarafu kwenye nguzo ya umeme ili tuchaji betri, na kila kijiji tulichopita kwa baiskeli tuliacha kitu: mkate, kahawa, chupa mbili. Gari peke yake lisingetushusha.

Jioni ya mwisho nikasikia jambo ambalo sikutakiwa kulisikia. Macho ya Mzee yanafifia. Mama haendeshi gari kubwa. Mzee anataka liuzwe kabla ya masika ya mwaka unaofuata. Mama akajibu kwamba yeye ndiyo kwanza ameanza safari, na kama ni macho basi yeye ataenda kujifunza kuliendesha. Mzee akacheka. Mama hakucheka. Wakanyamaza mpaka taa ikazimwa, nami kitandani kwangu nikajifanya nimelala.

Nilimpigia mama yangu Korogwe nikamsimulia. Ni mwalimu mstaafu, magoti yanamsumbua, na safari zake tangu astaafu ni mbili tu, msibani na harusini. Kwa basi hadi Mombo, kisha kilomita 33 za kupanda, yuko Lushoto, na hajawahi kulala Lushoto hata usiku mmoja kama mgeni. Akaniuliza huyo mama alipoingia shule ya udereva waume hawakumsema? Nikamwambia bado hajaingia. Akasema, "Mwambie aende." Kisha akauliza nauli ya Lushoto siku hizi ni shilingi ngapi.

Desemba nina likizo. Nimemwambia aandae sweta.