Betri ya Makiso na betri ya Yahuma

Katika sekretarieti zilizokizunguka Chuo Kikuu cha Kisangani, kompyuta ya mpakato ilikuwa haichomolewi ukutani. Tulichapa kazi za mwisho za wanafunzi, na msimu wa utetezi ukikaribia foleni ilifika barabarani. Umeme wa bwawa la Tshopo, lililoanza kazi mwaka 1955 enzi za Wabelgiji, ulikuja kwa zamu za mitaa: leo Makiso, kesho Mangobo, keshokutwa Kabondo. Kwa hiyo ulipokuwapo, kila chenye waya kilichomekwa, na hakuna aliyethubutu kukichomoa. Nani angeacha mashine ishuke hata kidogo, na umeme unaweza kuondoka katikati ya ukurasa?

Mashine zenyewe zilikuwa zimeshatumika Ulaya kabla ya kutufikia kupitia Kampala na Butembo. Betri zake zilikuja zimechoka, nasi tukazimaliza. Baada ya msimu mmoja au miwili umeme ulipokatika, skrini ilizimika papo hapo, na mwanafunzi aliyesimama nyuma yako akashika kichwa. Sura nzima imekwenda.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa fundi redio wa siku nyingi, na alitufundisha alivyofundishwa yeye: betri iache ife kabisa, ndipo uilishe. Kwa betri za nikeli na kadimi mafundisho hayo yalikuwa na maana yake, kwani zile zikichajiwa kabla hazijaisha zilizoea kutoa kidogo. Lakini tangu Sony ilipoanza kuuza betri za lithiamu mwaka 1991, sheria ilikuwa imebadilika bila sisi kupata habari. Lithiamu haipendi kuachwa ikauke. Wengine walichomoa betri na kuifungia ndani ya mtoto wa meza ili isizeeke, lakini waliifungia imejaa, chini ya paa la bati, na ikazeeka humo humo.

Aliyenifungua macho ni yaya wangu, dada mkubwa, aliyeolewa Yahuma. Tulinunua mashine mbili za aina moja siku moja, kwa mfanyabiashara mmoja, yangu ikabaki Makiso na yake ikapanda boti la balenieri. Mto Kongo unakupitisha Yangambi, kisha Isangi pale Lomami inapoingia, hadi Lokutu. Kutoka hapo ni pikipiki na matope. Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika Yahuma. Yaya alikuwa na bamba la sola juu ya paa, na bamba hilo lilikuwa la watu wengi: simu za majirani, taa ya mama mkwe, redio. Kompyuta ilipata zamu yake saa sita mchana jua likiwa kali, ikafika asilimia sabini, themanini ikiwa siku njema, ikachomolewa. Usiku aliandika daftari za shule, akaizima kabla haijaisha.

Nilipokwenda kumsalimia, miaka ilikuwa imepita. Alifungua mashine akaitumia jioni nzima bila waya. Yangu ilikuwa haivumilii hata muda wa kuchemsha chai.

“Yaya, betri hii ulibadilisha lini?”

“Nibadilishe na nini, mdogo wangu? Ni ile ile tuliyonunua pamoja.”

Sikuamini, nikazipima mashine zote mbili. Windows, kuanzia toleo la 8, ina amri isiyojulikana na wengi. Unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, nayo inakutolea ukurasa wenye namba mbili za kuangaliwa: uwezo betri iliozaliwa nao, na uwezo iliobaki nao sasa ikijaa. Betri zetu zote mbili zilizaliwa na 48,000. Ya yaya ilibaki na 37,000 na kitu. Yangu ilikuwa haifiki 14,000. Yake ilikuwa imejazwa na kutumiwa kila siku ya Mungu, yangu ilikuwa karibu haijafanyishwa kazi. Nilikaa nikiziangalia namba zile mpaka yaya akaniuliza kama kuna msiba.

Kuchomeka kwenyewe si kosa. Betri ikishajaa, chaji hukatwa na mashine hula umeme wa ukutani moja kwa moja. Kinachoiua ni kukaa imejaa pomoni ndani ya joto. Seli iliyofika volti 4.2 iko katika mkazo: kemikali zake huharibika polepole, utando kwenye grafiti huzidi kunenepa na kumeza lithiamu, na joto huharakisha yote. Betri iliyojaa ikiwekwa katika nyuzi 40 inaweza kupoteza karibu theluthi ya uwezo wake kwa mwaka mmoja. Ikiwa na asilimia 40 tu, katika joto hilo hilo, hupoteza kama asilimia 15. Meza yangu ya Makiso, na feni ikipuliza hewa ya moto mchana kutwa, ilikuwa jiko.

Siku hizi mashine nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. ThinkPad zinao tangu zamani. Apple iliongeza usimamizi wa namna hiyo kwenye MacBook mwaka 2020. Katika sekretarieti yetu ndilo jambo la kwanza tunalofanya mashine ikiingia. Zile za kale zisizo na mpangilio huo tunazichomoa kwa mkono, na vijana wanakumbushana kwa sauti: “Themanini!” Safari ikiwapo tunaziacha zijae usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, si kabla.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kobalti iliyomo ndani ya betri hizi, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, inachimbwa kwetu Kongo, nyingi yake Kolwezi na pembezoni mwake. Inatoka huko, inazunguka Asia na Ulaya, inaturudia Kisangani, halafu tunaiua mezani ndani ya mwaka. Betri zilizovimba hadi kuinua kibodi tunazitoa na kuzihifadhi nje ya nyumba, ndani ya ndoo ya mchanga, mbali na watoto, kwa kuwa zikitobolewa huwaka. Ndoo imeshajaa, na tunatafuta mtu wa kuzipokea badala ya kuzitupa kwenye korongo linalomwaga maji yake mtoni.