Mguu Uliolala Chini ya Kitanda

Ukitoka Thika kuelekea Garissa, mashamba ya mananasi hukusindikiza, kisha mlima Kilimambogo hujitokeza mkono wa kulia. Unapita Kithimani na Sofia, na muda si muda kondakta anagonga bati: "Wa kushuka Matuu!"

Mji huu wa Machakos, kilomita 100 hivi kutoka Nairobi, una jua kali na vumbi. Lakini usidanganyike. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa na mahabusu wa Mau Mau miaka ya 1950, huleta maji ya mto Thika hadi kwenye ukame huu. Ndiyo sababu sokoni hukosi maembe wala nyanya.

Humo sokoni nilikaribishwa na mzee mmoja auzaye nyanya, magongo yake ameyaegemeza kwenye kreti. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kwa ajili ya kisukari. Nilipomwuliza kama hajapata mguu wa bandia, alicheka.

"Ninao, mwanangu. Umelala chini ya kitanda."

Msomaji, usiharakishe kumlaumu. Baada ya upasuaji kigutu huwa kimevimba, kisha hunywea kadiri miezi inavyopita. Mguu uliomtosha mtu juzi, leo humlegea na kumchubua ngozi, na kidonda cha mwenye kisukari hakiponi upesi. Fundi huchukua umbo la kigutu kwa plasta, akaunda kikombe cha plastiki cha kukipokea, akaunga wayo wa mpira. Ndipo mwenyewe hujifunza kutembea upya, ameshika vyuma viwili huku na huku. Kisha sharti arudi kurekebishiwa, tena na tena. Mtoto, kwa kuwa anakua, huhitaji mguu mpya karibu kila mwaka.

Kwa mzee huyu, kila marudio yalikuwa safari ya Nairobi: nauli ya watu wawili, yake na ya mwanawe wa kumsaidia, na siku nzima bila kuuza nyanya. Baada ya safari ya tatu alisalimu amri.

Si kwamba nchi imelala. Chama cha APDK, kilichoanzishwa 1958, kina mafundi wa viungo bandia. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Lakini haki yafaa nini ikimngoja mtu mwisho wa nauli?

"Siombi karakana," mzee aliniambia. "Fundi aje hapa hospitalini mara moja kwa mwezi, na plasta yake na bisibisi. Maji yaliletwa kutoka mtoni, yeye atashindwaje na lami?"

Nilinunua nyanya. Chenji ilikuwa kwa jirani, hatua sita tu. Nikamwambia aiache. Akakataa, akanyoosha mkono kuchukua magongo.