Tubaki Naye au Tumtoe?



Alhamisi ya wiki iliyopita, baada ya Misa ya jioni, kocha wa timu ya vijana wa parokia yetu alitufuata sakristia akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa barua ya mistari sita iliyohitaji saini ya mlezi wa timu, yaani sisi. Barua iliomba kwamba mshambuliaji wetu wa kati, kijana wa miaka 19, aruhusiwe kwenda timu ya parokia jirani, nao watupatie beki wao wa kushoto. Sababu ilikuwa wazi. Katika mechi 7 za ligi ya dekania kijana huyo hajafunga hata bao moja, na timu yetu imeshika nafasi ya pili kutoka mkiani.

Kocha alisema kwa upole, “Padre, kijana tunampenda, lakini mapenzi hayaongezi pointi.”

Hatukutia saini. Tulimwomba atupe wiki moja, naye akakubali, ingawa usoni alionekana kuona kwamba tunamchelewesha. Tafakari ya leo imezaliwa katika wiki hiyo.

Tuanze kwa kumtendea kocha haki. Timu si mali ya mtu mmoja. Wapo vijana wengine 17 wanaokuja mazoezini kila jioni, na kila dakika anayopewa asiyefunga ni dakika anayonyimwa mwenzake aliyekaa benchi akisubiri. Huruma isiyowaona walioko benchi ni huruma ya jicho moja. Mlezi anayemng'ang'ania mchezaji kwa sababu tu anaona haya kumwambia ukweli hamsaidii mchezaji huyo wala timu yake. Kwa hiyo hatukuichukulia barua ile kama barua ya mtu mkatili. Iliandikwa na mtu aliyechoka kufungwa.

Hata hivyo, tulipoisoma mara ya pili tulimkumbuka Gareth Bale. Vijana wengi wanamfahamu kama mchezaji aliyetwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mara 5 akiwa na Real Madrid. Sisi tuliokuwa mafrateri miaka ile tunamkumbuka alipokuwa bado mzaha wa ukumbi wetu. Seminari ilikuwa na televisheni moja, na ilipotokea tukaruhusiwa kutazama mechi, mwenzetu mmoja aliyeipenda Tottenham Hotspur alilazimika kukaa nyuma kabisa ili asichekwe.

Bale alijiunga na Tottenham mwaka 2007, akitokea Southampton, akiwa na miaka 17. Alicheza beki wa kushoto. Mwishoni mwa mwaka huo aliumia, na aliporudi timu yenyewe ilikuwa imeanza kuyumba. Oktoba 2008 Tottenham ilikuwa ya mwisho kabisa katika Ligi Kuu ya Uingereza, ikiwa na pointi 2 katika mechi 8. Kocha Juande Ramos akafukuzwa, akaja Harry Redknapp. Timu ikainuka, lakini juu ya kijana yule ikabaki hesabu moja ya ajabu: alikuwa amecheza mechi za ligi, moja baada ya nyingine, hadi zikafika 24, na katika hizo zote Tottenham haikushinda hata moja. Watu wakaanza kumwona kuwa ni nuksi. Wakasema akipangwa yeye, timu haipati kitu.

Tuitazame hesabu hiyo kwa makini, maana inafundisha. Mechi 24 bila ushindi zilikuwa za wachezaji 11 kila mara, na nyingi kati yake zilichezwa na timu iliyokuwa mgonjwa tangu kichwani hadi miguuni. Lakini deni lote likaandikwa kwa jina la mtu mmoja, tena kijana, tena beki. Binadamu tukishindwa kwa pamoja hupenda kumtafuta mmoja wa kubeba kushindwa kwetu, na kwa kawaida tunampata yule asiye na sauti.

Tarehe 26 Septemba 2009 Tottenham ilikuwa ikiifunga Burnley kwa mabao mengi. Dakika za mwisho, mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa, Redknapp alimwingiza Bale, makusudi aondokewe na mkosi ule. Matokeo yakawa mabao 5 kwa 0. Ni jambo dogo, karibu la kuchekesha, lakini aliyelifanya alijua kwamba mtu aliyezoea kushindwa huhitaji kukumbushwa ladha ya kushinda. Mwanzoni mwa mwaka 2010 beki aliyekuwa akicheza nafasi yake, Benoît Assou-Ekotto, akaumia, Bale akarudi uwanjani. Kisha akasogezwa mbele, acheze winga. Aprili mwaka huo alifunga dhidi ya Arsenal, na siku tatu baadaye akafunga dhidi ya Chelsea. Tottenham ikamaliza msimu katika nafasi ya 4 na kupata nafasi ya kuwania Ligi ya Mabingwa. Oktoba 2010, katika uwanja wa San Siro, Inter Milan, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, waliongoza kwa mabao 4 kwa 0 kufikia mapumziko. Bale akafunga mabao matatu peke yake katika kipindi cha pili. Tottenham ilifungwa 4 kwa 3, lakini ulimwengu ulilala ukilitaja jina la aliyefungwa. Mwaka 2013 Real Madrid walimnunua kwa takribani pauni milioni 85, ada iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani wakati huo.

Miaka hiyo hiyo sisi nasi tulikuwa na hesabu yetu mbaya. Tulikuwa tumeanguka mitihani ya filosofia mara mbili, na jina letu lilikuwa mezani kwa walezi ili wapige kura kama tuendelee au turudi nyumbani. Mlezi mmoja, mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, hakututetea kwa maneno mengi. Alituita chumbani kwake, akatuuliza tunasomea wapi usiku. Tulipomjibu kwamba taa ya upande wetu wa bweni ilikuwa imeharibika tangu mwanzo wa muhula, alinyamaza kidogo, kisha akatupa ufunguo wa chumba kidogo cha maktaba. Tulifaulu mtihani wa tatu. Hatudai kwamba tulikuwa Bale. Tunasema tu kwamba aliyetaka kutuondoa na aliyetaka kutubakiza walikuwa na hesabu ile ile ya alama mezani, ila mmoja wao aliuliza habari za taa.

Hapa msomaji makini atatuambia, “Baba, hao ni wale waliofanikiwa. Na wale waliovumiliwa wasizae?” Ni swali la haki.

Januari 2011 Chelsea walimnunua Fernando Torres kutoka Liverpool kwa pauni milioni 50. Alikuwa amepona majeraha ya goti aliyofanyiwa upasuaji mwaka uliotangulia. Alicheza zaidi ya dakika 900 kabla ya kufunga bao lake la kwanza, Aprili mwaka huo. Walimvumilia miaka mitatu na nusu. Liverpool alikuwa amefunga mabao 65 katika mechi 102 za ligi. Chelsea alifunga 20 katika mechi 110. Siku kubwa alizipata, ikiwemo bao lake katika fainali ya Ligi ya Europa mwaka 2013, lakini mchezaji yule wa zamani hakurudi tena. Uvumilivu peke yake haukutosha.

Yupo pia Diego Forlán wa Uruguay. Manchester United walimchukua Januari 2002, na ilimchukua miezi minane kupata bao la kwanza, nalo la penalti. Mwaka 2004 walimwachia aende Villarreal ya Hispania. Msimu wake wa kwanza huko alifunga mabao 25 ya ligi na kuwa mfungaji bora wa nchi nzima. Mwaka 2010 alitajwa kuwa mchezaji bora wa Kombe la Dunia. Kwake yeye, kuondoka ndiko kulikokuwa dawa. Mche uliodumaa kivulini huenda unahitaji tu kuhamishiwa penye jua.

Basi watu watatu, njia tatu. Mmoja alibakizwa akachanua, mwingine alibakizwa asichanue, wa tatu aliachiwa akachanua kwingine. Anayetafuta kanuni moja ya kumwambia kocha wetu abaki nao au awatoe hataipata hapa. Lakini ipo hatua inayotangulia uamuzi, na ndiyo ambayo mara nyingi tunairuka.

Mnaukumbuka mfano wa mtini usiozaa katika Injili ya Luka. Mwenye shamba amekuja kutafuta matunda kwa miaka mitatu, hakupata, na anataka mti ukatwe kwa sababu unaila ardhi bure. Hoja yake ni ile ile ya kocha. Mtunza shamba haikatai. Anaomba mwaka mmoja, tena anasema atafanya nini katika mwaka huo: atalima kuuzunguka na kutia mbolea. Na anakubali kwamba baada ya hapo unaweza kukatwa. Mambo yote matatu yamo: muda, kazi, na mpaka. Muda usio na kazi ni kuahirisha tu. Kazi isiyo na mpaka huwaumiza wengine wanaosubiri. Na anayekata kabla hajashika jembe hawezi kujua kama kosa lilikuwa la mti au la udongo.

Jumatatu tulikwenda nyumbani kwa kijana yule. Hatukuwahi kufika hapo. Tulimkuta uani akifua, akatuamkia na kutuletea kiti. Tulipoketi tulisikia mtu akikohoa ndani. Alikuwa baba yake, aliyepatwa na kiharusi, na ambaye sasa hawezi kunyanyuka bila kushikwa. Kijana ndiye mkubwa. Kila siku saa tisa usiku huenda sokoni kupakua malori ya viazi na vitunguu, ili wadogo zake wapate ada na chakula. Anapofika uwanjani saa kumi jioni amekuwa macho kwa saa 13. Tulimuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu wake. Akajibu kwamba mpira ndiyo mahali pekee ambapo hakuna anayemwonea huruma, naye hakutaka kupapoteza.

Kuhusu barua, alikwisha kusikia mtaani. “Padre, kama ni kuondoka nitaondoka,” alisema. “Ila ningependa kuambiwa na mwalimu mwenyewe.”

Tuliporudi ofisini tuliiona orodha ya wagonjwa ambayo katekista aliibandika ukutani tangu Kwaresima. Jina la baba yule limo, la nne kutoka juu. Tumepita mbele ya karatasi hiyo kila asubuhi. Tulikuwa tayari kumhukumu mtoto kwa mechi 7 bila bao, na sisi wenyewe tulikuwa na miezi ya kutopiga hodi nyumbani kwao. Hatukupata usingizi mwema usiku ule.

Jumanne tulimpelekea mgonjwa Mpako Mtakatifu na Komunyo. Mwenyekiti wa jumuiya yao amepanga zamu za kumhudumia, ili kijana apate kulala mchana. Alhamisi tulikutana na kocha, tukakubaliana hivi. Kijana abaki hadi mwisho wa mzunguko wa kwanza, yaani mechi 4. Acheze winga wa kulia, nafasi aliyoicheza shuleni, na kati pajaribiwe yule mdogo aliyekaa benchi tangu mwanzo wa msimu. Baada ya mechi hizo kocha ataamua, nasi tutauheshimu uamuzi wake na kutia saini. Ikibidi kijana aondoke, ataambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote, uso kwa uso, na atashukuriwa mbele ya wenzake. Kumwachia mtu si dhambi. Dhambi ni kumtupa.

Jana Jumamosi tulicheza mechi ya kwanza kati ya hizo. Tulifungwa bao 1 kwa 0. Kijana alicheza dakika 60, alipiga krosi mbili nzuri, kisha akatolewa kwa sababu miguu ilimkaza. Kocha alipita karibu nasi akielekea kukusanya mipira, akasema bila kutabasamu, “Padre, zimebaki tatu.” Yuko sahihi, na hatukuwa na la kumjibu.

Ndugu zetu, huenda nawe una barua ya mistari sita inayosubiri saini yako: kuhusu mtoto anayerudia darasa, mfanyakazi asiyetimiza kazi, mwanakwaya asiyeshika sauti. Huenda ni kweli kwamba inapasa kutiwa saini. Lakini kabla ya kushika kalamu, nenda ukapige hodi.

Tunawatakia Dominika njema na wiki yenye baraka. Tumwombee mgonjwa wetu, na tuwaombee vijana wetu katika mechi tatu zilizobaki.

Paroko wenu