Malengelenge ya Boneti Nyeusi

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mwalimu kaja jioni kuchukua gari. Harrier nyeusi, boneti, bampa ya mbele, fenda zote mbili na vioo vya pembeni tulimaliza kuvivisha PPF, plastiki ya kulinda rangi, leo asubuhi. Kaitikia shikamoo, kavaa miwani, kalizunguka gari polepole kama anayesahihisha daftari. "Hiki ni nini?" Kiputo. "Na hiki?" Kiputo kingine. Alipofika kwenye taa ya kushoto alikuwa ameacha kuuliza.

Nikamwambia ni maji, yatakauka yenyewe. "Yote?" Hapo nikanyamaza. Hilo ndilo jibu la kila fundi mjini hapa, liwe kweli au uongo, na mtu aliyesimamia mitihani maisha yake yote analitambua jibu la kukariri likitamkwa tu.

Gari limebaki kwetu. Anakwenda Moshi kwa Pasaka. Safari iliyopita, kati ya Chalinze na Segera, kokoto za malori zilimbandua rangi kwenye ncha ya boneti hadi bati likaonekana. Ndiyo maana kalipia plastiki hii, na si bei ya mchezo.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua usiku kucha. Asubuhi tumefunga mlango wa banda, tukazima taa za juu, Dogo, msaidizi wangu, akamulika kwa tochi ya simu akiwa ameilaza karibu kabisa na bodi. Mwanga wa juu unasitiri mengi, wa ubavuni hausitiri kitu, hasa kwenye rangi nyeusi. Kwenye gari jeupe Mwalimu asingeona hata nusu ya alivyoviona, naye angeondoka jana akiwa na furaha yake.

Vingi ni maji kweli. Vimelala bapa, kingo zake hazieleweki, ukivibonyeza vinahama. Ni maji ya sabuni tunayopulizia ili plastiki iteleze na kukaa mahali pake kabla gundi haijashika. Raba ya kusukumia haiyatoi yote. Plastiki yenyewe ni poliyurethani, unene wake haufiki robo ya milimita, na mvuke hupenya humo, ila kwa taratibu mno. Dodoma ya Septemba maji haya yangeondoka siku chache tu. Dar ya Aprili, ambako hata taulo haikauki, yanaweza kukaa wiki mbili, tatu. Kazi ya fundi hapo ni kukaa mbali.

Vya hewa ni vichache, na viko pale nilipovitarajia: kwenye mikunjo ya bampa, chini ya taa za ukungu. Hivyo vimetuna, vinang'aa kifedha, ukivibonyeza vinalala, ukiondoa kidole vinarudi palepale. Plastiki iliyovutwa sana ili ikumbatie mkunjo hutaka kurudi kwenye ubapa wake wa awali, na gundi ikichelewa kushika, inajiinua na kuvuta hewa chini yake.

Halafu boneti. Katikati ya boneti viko vitatu vyenye ncha. Ukipitisha ukucha unasikia punje. Vumbi la mbao, kutoka kwa seremala jirani yetu, aliyekuwa akiranda milango tangu saa mbili asubuhi huku Dogo akiingia na kutoka kufuata maji.

Dogo alikuwa na pini mkononi tayari. Kaona kwenye video jamaa anatoboa kiputo, anapitisha kidole, kimekwisha. Nikamnyang'anya. Cha maji hakina haja ya tundu. Cha vumbi ukikitoboa hewa inatoka, punje inabaki, na sasa una punje na tundu. Kinachotobolewa ni cha hewa peke yake, tena si leo, gundi ikiwa bado mbichi, na wala si kwa pini ya kanga.

Alhamisi, 10 Aprili

Umeme umekatika toka asubuhi hadi alasiri. Hakuna jua. Gari limekaa tu.

Dogo kauliza plastiki hii ilianzia wapi. Nikamweleza habari ya helikopta za jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam: mchanga na vifusi vilikuwa vinakula makali ya mapanga yake, ndipo yakavishwa poliyurethani. Magari yalikuja baadaye. "Kwa hiyo helikopta nazo zilikuwa na malengelenge?" Sikuwa na jibu, ila rubani wa vita hana muda wa kuzunguka na tochi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu karudi. Jua lilitoka tangu saa nne, tukaliweka gari nje, na viputo vya maji kwenye fenda vimepungua hata yeye kavikosa. Nikamwonyesha aina zote kwa kidole chake mwenyewe: bonyeza hiki, kinahama; bonyeza hiki, kinarudi; gusa hiki, kina punje. Alipogusa kile chenye punje kanitazama juu ya miwani.

"Na hiki kitakauka, fundi?"

"Hapana, Mwalimu. Hiki hakikauki."

"Basi juzi ungesema hivyo."

Suala likawa nani analipa kipande kipya cha boneti. Msimamo wangu sijaubadilisha tangu nifungue banda: maji ni ya hali ya hewa, mteja avumilie, vumbi ni la banda, banda lilipe. Punje moja pembeni kabisa mwa fenda ningeomba aivumilie, maana hakuna banda duniani lisilo na vumbi hata moja. Lakini tatu katikati ya boneti nyeusi, mbele ya macho ya dereva? Tunabandua. Wapo wenzetu wanaomwambia mteja hiyo ni kawaida ya plastiki, nao ndio wanaotuharibia soko sote.

Jumatatu, 14 Aprili

Saa kumi na moja alfajiri tuko bandani, kabla seremala hajaamka. Sakafu tumeimwagia maji, kuta tumezipulizia, hata mashati yetu. Vumbi lililolowa haliruki.

Kubandua ndiko kunakotisha. Unapasha joto hadi plastiki ilainike, unainua kona, kisha unavuta kwa kuilaza karibu na bodi, taratibu. Ukivuta kwa juu na kwa pupa, gundi inabaki, au rangi inakuja nayo kama gari liliwahi kupigwa rangi upya kienyeji. Hili rangi yake ni ya kiwandani, imetoka salama. Mabaki ya gundi tumeyafuta kwa spiriti, tukaosha, tukapitisha udongo wa kusafishia rangi mpaka kiganja hakisikii mkwaruzo wowote.

Kisha plastiki mpya. Jambo moja nimemrudia Dogo mpaka kachoka: ukiichambua karatasi ya mgongoni, umeme tuli unazaliwa pale pale na plastiki inavuta kila unyoya ulio hewani. Kwa hiyo mmoja anachambua, mwingine anapulizia maji upande wa gundi sambamba na mkono wa mwenzake, pasibaki hata kiganja kimoja kikavu. Boneti nayo imelowa tele. Raba inaanzia katikati kwenda kingoni, kila pito likipanda kidogo juu ya lililotangulia. Ukiruka nafasi, hapo ndipo hewa hujificha. Kingoni tunabadilisha chupa: badala ya maji ya sabuni, maji yenye spiriti, yanayoondoa utelezi ili gundi ishike.

Seremala kawasha mashine tukiwa tunakata kingo. Kamulika Dogo, nikamulika mimi. Maji machache upande wa kioo. Punje hakuna.

Jumanne, 15 Aprili

Zamu ya bampa. Imekaa wiki sasa, gundi imeshika vya kutosha. Sindano ya insulini, nyembamba kuliko zote duka la dawa. Nimepasha joto kidogo, nikaingiza ncha ukingoni mwa kiputo, imelala karibu sawa na bodi ili isiguse rangi, nikaitoa. Kisha kidole gumba ndani ya kitambaa laini, kikisukuma kutoka upande wa mbali kuja kwenye tundu. Hewa ikatoka, plastiki ikalala. Joto tena, na kubana kwa kiganja mpaka ipoe. Tundu halionekani, ngozi ya juu ya plastiki hii hujifunga yenyewe ikipata joto, na ndiyo maana mikwaruzo midogo hupotea juani.

Kimoja, chini ya taa ya ukungu ya kushoto, kimelala kwa kunung'unika. Mkunjo pale ni mkali mno.

Alhamisi, 17 Aprili

Mwalimu kachukua gari. Nimempa masharti: wiki nzima asilioshe, baadaye waoshaji wasielekeze mashine ya presha kwenye kingo za plastiki, akiona kiputo cha maji asikikune, hata kama mjukuu anawashwa mkono. Kacheka kwa mara ya kwanza. Safari njema.

Alhamisi, 24 Aprili

Karudi kutoka Moshi, kapitia bandani kabla ya kufika kwake. Boneti nzima, hata yale maji ya upande wa kioo yameondoka. Kwenye ncha ya mbele kokoto imeacha kovu kwenye plastiki. Chini yake rangi iko vilevile. Kaligusa mara kadhaa.

Kile cha chini ya taa ya ukungu kimerudi, kidogo. Nimemwambia wazi safari hii: hakitaondoka, plastiki imevutwa pale kupita uwezo wake, ama tubadilishe kipande chote ama kibaki. Kasema kibaki.

Bampa za Harrier, kuanzia kazi ijayo, tutazivisha vipande viwili, mshono ukipita kwenye mfereji wa chini ya taa, na mteja ataonyeshwa mshono huo kabla hajalipa.